Boliti Nne

Ilifika Katindo juu ya chukudu,
imelala chali kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali,
vijana watatu wakiisukuma, wa nne akitoa amri tu,
na magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe ya volkano.
Kaka yangu Paluku aliinunua Kampala,
imeshatumika, kioo chake kizima,
na kitabu cha maelekezo ambacho nilielewa picha tu.

Masika alikuwa uani, mikono ndani ya beseni.
Miaka kumi na mmoja anafua nguo zetu:
shuka za uzazi wangu, shuka za matanga ya baba.
Hakuuliza kitu.
Alikamua suruali mpaka ikalia.

Sakafu yetu imemwagwa juu ya lava.
Hakuna kona iliyo sawa.
Niliweka bakuli la maji juu ya mashini kupima:
maji yakainama upande wa ziwa.
Nikazungusha miguu yake, huu juu, huu chini,
chini ya wa nne nikatia kipande cha kandambili.
Mpira wa kuleta maji nikaufunga kwenye pipa la juu,
lile tunalolijaza kwa bidoni, bega kwa bega,
wa kutoa uchafu nikauelekeza kwenye migomba.

“Mara ya kwanza iendeshe tupu,” alisema Paluku kwenye simu.
Nikafunga mlango. Nikabonyeza.
Maji yakaingia kwa sauti ya mtu anayesukutua.
Masika akaja, akasimama kizingitini, mapovu hadi viwikoni.

Kisha ikaanza kukimbia.

Naapa, ilikimbia.
Iliiacha kandambili yake, ikagonga masufuria,
ikamfukuza paka mpaka chini ya kabati,
ikavuta waya hadi ukachomoka ukutani,
ndipo ikasimama katikati ya jiko, inatweta,
kama mlevi aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Masika akazunguka nyuma yake.
Akapapasa mgongo,
vile anavyopapasa mifuko kabla ya kuloweka.
“Hii mashini wameifunga,” akasema.
“Moja, mbili, tatu, nne.
Umemfunga mtu mgongo, unamwambia acheze?”

Boliti za safari.
Zinashika tumbo lisiumie njiani;
ukifika, unazitoa.
Nilikuwa nimeziona pichani, nikageuza ukurasa.
Tukaazima ufunguo kwa Balume, fundi wa pikipiki.
Zikatoka moja moja, ndefu kama vidole,
na ndani humo kitu kikashuka,
kama bega la mtu aliyetua mzigo.

Jumapili tukatia sare za Asifiwe,
mashati meupe, sketi za buluu.
Masika akaketi kwenye kibao mbele ya kioo,
akaitazama kama mwalimu anayesahihisha.
“Inageuza. Inapumzika. Inageuza.
Kola haisugui.”

Katikati ya suuza, kurani ikakatika.
Mashati yakasimama majini nyuma ya kioo,
mlango umekaza meno,
na kesho shule.
Tulingoja hadi taa za jirani nazo tukazikatia tamaa.
Chini, pembeni, kuna kimlango kidogo;
tukakifungua kwa kijiko, tukakinga kwa beseni lile lile la Masika.
Maji yaliyotupita yakatambaa kuelekea ziwani.
Kwenye kichujio: kifungo kimoja, pini ya nywele,
na mchanga mweusi, kiganja kizima,
ule tunaoukung’uta mlangoni kila jioni
tukidhani umebaki nje.

Mlango ukalegea wenyewe, tik.
Masika akazitoa nguo, akazisuuza gizani,
kola akazisugua kwa kidole gumba.
“Jumatano nije?” akauliza, bila kuinua kichwa.
“Njoo.”

Boliti nimezitia kwenye kopo la maziwa,
juu ya kabati, karibu na vyeti vya watoto.
Kitabu kinasema zisitupwe,
siku ya kuhama zitahitajika.
Nilimtafsiria Masika picha ile,
nikataka kumweleza kwa nini.
Akanitazama tu.
Akachukua kopo, akalisogeza mbele,
mahali ambapo mkono unafika haraka.